Siliaki: jinsi ya kuishi bila ngano ukiwa Tanga

Kwa miaka tisa nilikuwa naamka saa tisa usiku kukanda unga. Ikifika saa kumi na mbili alfajiri maandazi na chapati zangu ziko kwenye ndoo, barazani kwetu Ngamiani, na wateja wa kwanza wameshasimama: vijana wa bodaboda, walinzi wanaotoka zamu, mama mmoja wa sokoni ambaye hakuwahi kukosa. Mikono yangu nyeupe, nyusi nyeupe, khanga nyeupe. Na tumbo limejaa upepo, mwili umebaki mifupa.

Tumbo hilo nimelitibu taifodi sijui mara ngapi. Nikalitibu amiba, minyoo, vidonda vya tumbo. Vidonge vya kuongeza damu nilivimeza mpaka nikavizoea kama peremende. Damu inapanda kidogo, baada ya miezi miwili imerudi 7. Watu nao wakaanza yao. Mmoja akasema ni kijicho cha biashara, mwingine akawa ananitazama kwa pembeni jinsi nilivyokonda, mpaka nikaenda kupima ngoma mara tatu ili mwenyewe nitulie.

Aliyeukamata ugonjwa wangu ni daktari binti, umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, kwani kutwa nzima unakula nini?" Nikamwambia ukweli: naonja. Anayekaanga lazima aonje.

Nayaandika haya kwa mtu wa Tanga aliyeambiwa ana siliaki, yaani ugonjwa wa utumbo kuikataa ngano, au anayeshuku, au anayemlea mtoto mwenye nayo. Mengi utakayoyakuta yameandikwa kwa watu wa Ulaya, yanakuelekeza ukanunue mkate maalumu dukani. Mkate huo hapa huupati kirahisi, na kwa kweli huuhitaji. Bibi zetu wa pwani hii walikula miaka bila kuona ngano. Ugumu wetu uko kwingine: unga unaoruka bila kuonekana, na ndugu wanaotupenda wanaosema "onja kidogo tu".

Kwanza elewa kinachotokea tumboni

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake inapotea njia na kuanza kuushambulia utumbo wake mwenyewe, ule utumbo mwembamba unaofyonza chakula.

Chukua taulo mpya ya kuogea, itazame kwa karibu. Ina vinyuzi vidogo vimesimama, na hivyo ndivyo vinavyokausha maji. Sasa chukua taulo ya miaka kumi, iliyobaki kama gunia. Unajifuta, maji yanabaki mgongoni. Utumbo wenye afya una vinyuzi vyake vya namna hiyo. Gluteni, kwa mwenye siliaki, inavilaza na kuvimaliza. Chakula kinapita, lakini madini ya chuma, kalsiamu na vitamini havifyonzwi vya kutosha. Ndiyo maana damu haikai, mifupa inadhoofika, mtoto anadumaa wakati sahani yake inajazwa kila siku.

Usiuchanganye na mzio. Mwenye mzio wa karanga anaweza kuvimba koo hapohapo. Mwenye siliaki anaweza kula chapati leo asisikie kitu, huku ndani taulo inachakaa. Hapo ndipo wengi tunajidanganya.

Ni ugonjwa unaotembea katika damu za ukoo. Vinasaba vyake vinaitwa HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Wengi wanavyo bila kuugua, lakini asiye navyo kabisa ni nadra sana kuupata. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10. Katika nchi nyingi zilizopimwa, wenye siliaki ni kama mtu 1 kati ya 100, na kwa watoto wa Wasahrawi wa Sahara Magharibi walipatikana zaidi ya 5 kati ya 100. Unajulikana sana Ulaya, Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na kaskazini mwa India. Kwetu hautajwi, kwa hiyo hautafutwi. Lakini Tanga ni mji wa bandari, damu zimechanganyika tangu enzi za majahazi, na siku hizi ngano tunaila asubuhi, saa nne na usiku.

Aliyeishika ngano kuwa ndiyo mchawi ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akiishuku tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, mkate uliadimika sana kwa Waholanzi. Watu wakala mpaka vitunguu vya maua. Wakati wengine wanakonda, watoto wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 akaiandika kazi yake rasmi. Kabla yake, kule Marekani, Sidney Haas alikuwa akiwatibu watoto hawa kwa ndizi tangu 1924, na wengi walipata nafuu. Alidhani dawa ni ndizi. Kumbe aliwanyima mkate!

Dalili, zikiwemo zile zisizo za tumbo

Kuharisha, choo chenye mafuta kinachoelea na kunuka vibaya, tumbo kujaa gesi, kukonda: hizo kila mtu anazitaja. Ila wengine hufunga choo, na wengine hawana tatizo la tumbo hata kidogo. Kwa hiyo shika pia hizi: upungufu wa damu usiokubali vidonge, uchovu wa kulala mchana, vidonda vya mdomoni vinavyorudirudi, mimba kuharibika au kutoshika, mifupa kuvunjika kwa jambo dogo, mtoto kutokua au kuchelewa kuvunja ungo. Kuna na vipele vya majimaji vinavyowasha mno, vinakaa pande zote mbili: viwiko, magoti, makalio. Vyangu nilidhani ni vya mafuta ya moto.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ugonjwa wa tezi ya shingo unaotokana na kinga ya mwili, au mtoto mwenye hali ya Down, apimwe hata kama dalili ni ndogo.

Hayo yote hayafuti ukweli kwamba hapa kwetu minyoo ya safura, amiba, kifua kikuu cha tumbo na virusi vya Ukimwi vinaweza kuleta sura ileile. Viondolewe kwanza kwa vipimo. Ukishatibiwa mara mbili tatu na bado uko palepale, ndipo useme jina siliaki mbele ya daktari. Kwa Kiingereza huandikwa coeliac; mwandikie kwenye karatasi, usione haya.

Usiache ngano kabla ya kupimwa

Hapa nilikosea mwenyewe na nilijutia. Daktari alinipa karatasi ya kipimo, pesa sikuwa nazo, jirani akanishauri: "Si uiache tu hiyo ngano kwanza?" Nikaiacha miezi miwili. Nikapata nafuu kweli. Pesa ilipopatikana nikaenda kupima, majibu yakatoka safi kabisa, na nikabaki sina ugonjwa kwenye karatasi wakati nilikuwa nao mwilini.

Kipimo kinatafuta askari wa kinga waliotoka kupigana na gluteni. Ukiondoa gluteni, askari wanarudi kambini, kipimo hakioni kitu. Ilibidi nirudie kula ngano kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki sita, nikiharisha na kulia. Basi wewe kula kama kawaida mpaka vipimo vyote viishe, pamoja na kile cha kamera. Na ukiwa umeshaacha, mwambie daktari, akupangie namna ya kurudi.

Vipimo vyenyewe

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, au kwa daktari unayemwamini. Cha kwanza ni damu. Kwenye karatasi kinaandikwa tTG-IgA. Omba pamoja nacho kipimo cha IgA (aina mojawapo ya wale askari wa kinga) yote kwa jumla, kwa sababu baadhi ya watu miili yao haitengenezi IgA ya kutosha. Mtu kama huyo kipimo cha kwanza kitamwambia mzima hata akiwa mgonjwa. Si kila maabara inakifanya, kwa hiyo uliza kabla ya kutolewa damu, na uliza bei na kama bima yako inakubali.

Damu ikionyesha, mtu mzima kwa kawaida hupelekwa endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, vinachukuliwa vinyama vidogo, angalau vinne, vikatazamwe kwa hadubini. Hakuna maumivu ya kusimulia, ila unatapikatapika hewa na machozi yanatoka. Muhimbili na KCMC wanaifanya. Ulizia kwanza kama inapatikana karibu kabla hujakata tiketi ya basi. Omba na wingi wa damu, madini ya chuma, foleti na vitamini D vipimwe, na ikiwezekana mifupa.

Dawa ya kuponya hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Nilipoambiwa hivyo niliona kama nimefungwa jela. Sasa niwape ramani ya jela yenyewe, kwa sababu ina uwanja mkubwa.

Kutoa unga nyumbani

Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni kama gramu 2 au zaidi. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa ulionyesha kuwa miligramu 50 kwa siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utumbo. Igawe: ni sehemu 1 ya 40 ya kile kipande. Makombo yanayobaki mezani! Kwa hiyo "nimeacha mkate" peke yake haitoshi.

Niliacha kuuza chapati. Sikuwa na njia, maana unga ukikung'utwa unabaki hewani saa nyingi, unauvuta, unatua kooni, unaumeza. Kuugusa kwa mkono hakudhuru ngozi. Hatari ni kuumeza. Kama nyumbani kwenu bado wanapika ngano, basi mgonjwa asiwe ndiye mkandaji, na chakula chake kipikwe kwanza, kifunikwe, ndipo wengine wamwage unga.

Vyombo: chuma, kioo na bati ukivisugua kwa sabuni na maji vinatakata. Mti hautakati. Kibao cha chapati, mti wa kusukumia, mwiko wa zamani, kinu kilichotwangiwa ngano, chekeche ya unga, hivyo mgonjwa awe na vyake. Nilinunua mwiko mpya nikaufunga uzi mwekundu mpinini, na wanangu wanajua: wa uzi haugusi sufuria ya tambi. Mafuta yaliyokaanga maandazi usiyatumie tena kwa samaki wako.

Sokoni na mashineni

Nenda Mgandini, simama dakika mbili tu kwenye duka la unga uangalie kile kikombe cha kupimia. Kinatoka kwenye gunia la ngano, kinaingia kwenye unga wa mchele, kinaruka kwenye wa muhogo. Muuzaji hana kosa, hiyo ndiyo kazi yake ilivyo. Wewe nunua nafaka nzima: mchele, mahindi, mtama, uwele, ulezi, muhogo mkavu wa makopa. Chambua, osha, anika mahali pasipo na unga wa mtu, kisha saga.

Mashine ya kusaga ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu ya uji wa lishe. Mama mwenye mtoto anakuja na mchanganyiko wake: mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano ndani. Ukisaga baada yake, umesaga ngano. Nimezungumza na kijana wa mashine yetu. Naenda asubuhi wa kwanza, na kilo ya kwanza ya mahindi yangu inapita kama deki, hiyo nawapa kuku. Kinachofuata ndicho changu. Mwanzoni alinicheka, sasa akiniona tu anasema, "Bi Mkubwa wa kuku kafika." Ukiwa na blenda nyumbani, mchele uliolowekwa unasagika vizuri bila kwenda popote.

Uji wa lishe wa pakiti usiuamini mpaka usome. Na majina yanachanganya: wengi wanaziita oti (oats) pia shayiri. Shayiri halisi ina gluteni. Oti zenyewe wengi wenye siliaki wanazivumilia, ila zinazouzwa kawaida zimechanganyikana na ngano tangu shambani na kiwandani, kwa hiyo mimi sizigusi.

Pakiti nyingi zimeandikwa Kiingereza, basi yashike maneno haya kwa kichwa hata kama hukusoma sana: wheat ni ngano, barley ni shayiri, rye ni rai, malt ni kimea, semolina ni suji. Ukiona gluten free, maana yake kwa kipimo cha kimataifa gluteni haizidi miligramu 20 kwa kilo. Sasa angalia hili la kimea. Kimea cha kwetu cha togwa ni cha ulezi, hakina shida. Kimea cha kwenye makopo ya vinywaji vya chokoleti na kwenye bia karibu siku zote ni cha shayiri. Neno moja, vitu viwili. Mnywaji wa mnazi wa Muheza ana nafuu kuliko mnywaji wa bia, nami hapo nanyamaza.

Vinavyojificha

Urojo, kwa sababu uzito wake wengi wanautoa kwa unga wa ngano. Mchuzi na supu zilizozidishwa uzito. Sosi ya soya. Vipande vya kiungo cha mchuzi na masala ya pakiti. Kuku na samaki wa kukaanga waliopakwa unga. Chips zilizokaangwa kwenye karai la sambusa. Soseji. Bajia za kunde au dengu ambazo mpishi kazishikizia kwa ngano. Hata vitumbua! Kuna wanaotia konzi ya ngano ili vishikane, na ukiuliza "ni vya mchele?" watakujibu ndiyo, bila uongo wowote. Uliza hivi: "Umetia ngano hata kidogo?"

Dawa pia. Baadhi ya vidonge hutengenezwa kwa wanga wa ngano, kwa hiyo mwambie mfamasia kila mara. Na Wakatoliki wenzetu: Kanisa halikubali hostia isiyo na ngano kabisa, lakini inakubali yenye gluteni kidogo sana, na muumini anaweza kupokea kwa kikombe peke yake. Zungumza na paroko mapema, si pale kwenye mstari.

Ule nini sasa

Bada. Ugali huu wa muhogo ambao watu wa Dar wanautania ndio ulioniokoa, na ng'onda wa kuchoma au mchuzi wa papa pembeni. Hakikisha makopa yamelowekwa na kukaushwa vizuri, maana muhogo mchungu una sumu. Halafu usile bada peke yake: muhogo ni wanga mtupu, na wewe umetoka kwenye upungufu. Uambatanishe na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, kunde, mbaazi za nazi, kisamvu, mchicha, mayai. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, uji wake unywe. Maziwa yanaweza kukusumbua miezi ya mwanzo kwa sababu vile vinyuzi vilivyoisha ndivyo vinavyosaga sukari ya maziwa. Yaache kidogo, ujaribu tena utumbo ukishapona.

Wali, ndizi, magimbi, viazi, mahindi ya kuchoma, samaki wa soko la Deep Sea, nyama, matunda yote, nazi, korosho: huru. Asubuhi, mahali pa andazi, naweka kitumbua. Hivi ndivyo navifanya, na sasa ndivyo ninavyouza.

Mchele vikombe viwili, ule unaonukia usio mpya sana, uoshe na uloweke usiku kucha. Asubuhi uchuje. Ikune nazi, kamua tui zito kikombe kimoja na kidogo. Tia kwenye blenda mchele, tui, wali uliopikwa vijiko viwili vikubwa, hiliki, na hamira kijiko kimoja cha chai. Huo wali ndio siri. Unafanya kazi ambayo wenzangu wanaipa ngano. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole viwili usisikie chenga. Ikiwa bado kuna chenga, saga tena, usiwe mvivu. Sukari nusu kikombe itie mwishoni. Funika, acha mahali pa joto, kwa joto letu la Januari nusu saa inatosha, Julai acha saa nzima. Utaona umeumuka na una mapovu madogo juu kama bahari ya asubuhi.

Chuma kipate moto, mafuta kijiko kila shimo, mimina usijaze. Usikigeuze mapema. Subiri ukingo uanze kuachana na chuma wenyewe na juu patokee vishimo, ndipo uingize kijiti pembeni. Chuma kisiwe kile cha mtu anayetia ngano.

Rojo hilohilo ukilimimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa kidogo chini na mengi juu ya kifuniko, unapata mkate wa kumimina. Tangu mwanzo ulikuwa ni mkate wetu usio na ngano, ila mkate wa ufuta usiuchanganye nao, ule ni ngano.

Kukataa bila kuvunja undugu

Ramadhani ya kwanza nilikwenda kufuturu kwa shangazi Makorora.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kaa hapa. Bokoboko hilo, nimelisimamia tangu adhuhuri."

"Nisamehe shangazi, ngano nimekatazwa na daktari."

"Ngano? Hiyo chapati nimekuwekea hapa? Hili ni bokoboko!"

"Ndilo ngano yenyewe shangazi, ile nzima."

Akanyamaza. Kisha: "Basi kijiko kimoja. Cha baraka."

Kijiko hicho nilikila, kwa haya. Siku tatu sikutoka uani.

Nimejifunza kusema kwa maneno ambayo shangazi anayajua: "Ngano kwangu ni kama sukari kwa baba alivyokuwa na kisukari, nikiila inanila." Kisukari kila nyumba inakijua, hakuna anayemlazimisha mgonjwa wa kisukari haluwa. Piga simu mchana, usisubiri mkekani. Nenda na bakuli lako lenye kifuniko, la kutosha na wengine waonje, muhogo wa nazi au samaki wa kupaka, uwe umeleta zawadi.

Sinia ni mtihani zaidi. Mkono uliovunja chapati ndio huohuo unaoingia kwenye wali. Kuomba sahani yako kunaonekana kiburi, najua. Mimi najipakulia mapema, jikoni, kabla sinia halijatoka, na nakaa nao mkekani palepale na sahani yangu. Baada ya mara mbili tatu watu wanaacha kutazama.

Kwa mtoto, zungumza na mwalimu na mpishi wa shule, ana kwa ana. Mpe mtoto kitumbua cha ziada cha kubadilishana na rafiki, maana mtoto hatakubali kuwa yeye pekee anayekataa.

Safarini na baada ya miezi

Basi la Dar nabeba mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vya kuchemsha, na Muheza dirishani nanunua machungwa ambayo mtu anayamenya mbele yangu. Segera na Chalinze nashuka kunyoosha miguu tu.

Nafuu ya tumbo huja ndani ya wiki chache kwa wengi. Damu na uzito vinachukua miezi. Utumbo wenyewe kwa mtu mzima unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi, watoto hupona haraka. Rudia kipimo cha damu baada ya miezi 6, halafu kwenye mwaka, kisha kila mwaka. Namba ikigoma kushuka, kuna ngano inaingia mahali, itafute. Na kama umejitahidi kwa kweli na bado unakonda, rudi kwa daktari usingoje, pengine kuna jambo jingine.

Ukiteleza, hakuna kidonge cha kuifuta gluteni iliyomezwa. Maji, dafu, uji mwepesi wa mchele na chumvi kidogo, upumzike. Usijitapishe. Kisha andika: ulikula nini, wapi, kimepikwa na vitu gani. Daftari langu ni lile la zamani la madeni ya maandazi. Nimeligeuza nyuma mbele. Ukurasa wa mwisho nilioandika ni wa Idi iliyopita: "Bajia za dengu, kwa wifi, karai la sambusa." Tangu hapo nauliza mafuta kwanza, bajia baadaye.